Nyumbani na Njiani: Aliyeshika Funguo



Mwaka jana mwalimu mmoja wa shule ya kijijini alituandikia barua akituuliza: Je, yafaa Mkristo aliye safarini alale katika nyumba ya wageni, hali hajui ni nani aliyelala jana juu ya kitanda kile, wala ni nani atakayekilalia kesho? Barua hiyo tuliiweka katika mtoto wa meza tusiijibu, maana jibu tulilokuwa nalo ni lile ambalo ukurasa huu umelitoa siku zote, yaani, tafuta kwanza nyumba ya ndugu. Jibu hilo si baya, wala leo hatulikanushi. Lakini mwezi uliopita tulisafiri kwenda Nyahanga, tukalala siku nne katika nyumba ya namna hiyo. Na tuliporudi tukaitoa barua ile, tukaisoma tena, tukaona ya kuwa mwalimu aliuliza nusu ya neno, na sisi kwa miaka mingi tumekuwa tukiijibu nusu ile ile.

Kwa wasiopajua, Nyahanga ni kata mojawapo ya mji wa Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Atokaye Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida na Nzega. Naye afikapo Tinde huona njia imegawanyika, ya kulia yaenda Shinyanga na Mwanza, ya kushoto yaenda Isaka na Kahama, kisha Ushirombo, hata mpaka wa Rwanda huko Rusumo. Ndiyo njia ya malori yapelekayo shehena Rwanda, Burundi na Kongo. Pale Isaka pana bandari kavu, mahali ambapo mizigo hushushwa katika gari la moshi na kupakiwa katika malori. Basi hata kama pasingalikuwa na dhahabu hata chembe, Kahama ungalikuwa mji wa watu wapitao.

Walakini dhahabu ipo. Upande wa kaskazini, kuelekea Geita, pana mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kazi mwaka 2001. Karibu kabisa na mji palikuwa na mgodi wa Buzwagi, ulioanza mwaka 2009 na kukoma mwaka 2021. Zaidi ya hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo na maduara yao, na wenye makarasha ya kusaga mawe, na wanunuzi, na wapishi wa kuwapikia wote hao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 eneo la mji wa Kahama lilikuwa na watu zaidi ya 240,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 wamekuwa zaidi ya 450,000. Mji ulioongezeka kiasi hiki kwa miaka kumi hauwezi kuwalaza wageni wake wote kwa ndugu zao.

Zamani mambo ya migodi yalikuwa mengine kidogo. Yule Mkanada, Dr. Williamson, aliyeiona almasi ya Mwadui mwaka 1940, alijenga mji mzima ndani ya ua, wenye nyumba, shule na hospitali, na mtu wa kazi alilala humo humo. Hata leo migodi mikubwa ina makambi ya watu wake. Lakini fundi aliyekuja kwa kandarasi ya majuma mawili, na mnunuzi wa mpunga, na dereva na utingo wake, na kijana aliyesikia kwamba kazi ipo, na mwalimu aliyeitwa mkutanoni, hao hawana ua wa kuwapokea. Ndio wazijazao nyumba za wageni, ambazo Nyahanga zimesimama bega kwa bega kama maduka ya sokoni.

Sisi tulikwenda kwa ajili ya mkutano wa walimu. Usharika ulikuwa umewagawana wageni vizuri, nasi tulikuwa tumewekewa nyumba. Lakini tulipofika siku ya Alhamisi, sisi na mama wa nyumbani mwetu, tulikuta nyumba hiyo imepatwa na msiba asubuhi ile, watu wamejaa hata barazani. Mwenyeji wetu, kwa haya nyingi, akatuchukulia mzigo wetu akatupeleka nyumba ya wageni iliyo nyuma ya barabara kuu.

Ilikuwa nyumba ya vyumba kumi na vinne, vimezunguka ua wa mchanga, katikati pana tangi la maji na kamba za kuanikia. Mlangoni pana kaunta yenye dirisha la nondo, na nyuma ya nondo aliketi binti wa miaka kumi na tisa, mtu wa Kasulu, amefunga kitenge juu ya gauni, na mbele yake msumari wenye funguo zote. Akatuamkia shikamoo, akatutolea daftari.

Wasomaji waliosafiri walijua daftari hilo. Kila nyumba ya wageni yapaswa kuwa nalo, na polisi hulikagua: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya chumba, sahihi. Tulipokuwa tukijaza mstari wetu tuliisoma mistari ya juu, ingawa si adabu sana, tukaona kwamba usiku wa jana nyumba nzima ililaza wafanyabiashara watupu, na watatu kati yao wametoka Mwanza nao wanakwenda Mwanza. Mmoja kwenye kabila ameandika Mtanzania, jambo ambalo hatuwezi kulilaumu. Lakini kuandika jina lisilo lako ni upuzi, tena ni hatari. Mtu akiugua usiku, au akipatwa na ajali kesho yake njiani, mstari ule ndio utakaowajulisha watu wake alilala wapi mwisho. Ziko jamaa nyingi ambazo hata leo hazijui, kwa sababu kijana wao aliona haya kuandika jina la baba yake.

Chumba kilikuwa cha shilingi 15,000, na fedha ililipwa kwanza. Kitanda kizuri, godoro lililoingia bonde katikati, shuka mbili safi, chandarua cha buluu kimefungwa fundo juu, kiti kimoja, taulo, kipande cha sabuni, na chini ya kitanda kandambili mbili, moja nyekundu na moja ya kijani. Bafu na choo viko mwisho wa ua. Maji ya ndoo. Ubaoni pameandikwa kwamba mgeni atoke saa nne asubuhi, la sivyo atalipa siku nyingine.

Kwa walimu ambao itawapasa kulala mahali kama hapo, twasema haya machache, kisha tutaendelea. Fikeni kabla ya jua kuchwa, mkione chumba kabla ya kulipa. Jaribuni komeo la ndani, si kitasa peke yake. Fungueni chandarua mkitazame kwenye taa, kwa maana tundu la upana wa kidole latosha kwa mbu. Uzi na sindano havina uzito katika mfuko. Chukueni shuka yenu ya kujifunika. Dai stakabadhi. Fedha ya shule au ya sadaka isiachwe chumbani hata kwa nusu saa. Wala msiogope majirani kupita kiasi: jioni ya kwanza tuliketi uani pamoja na mzee mmoja mchimbaji, akatusimulia habari za Nyangarata, machimbo ya huko huko Kahama, ambako mwaka 2015 duara liliporomoka na watu watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Alipomaliza akatuuliza kama godoro letu nalo lina bonde. Tukasema linalo. Akasema, basi tumepata mahali pema.

Hatutawaficha yale mwalimu aliyoyaogopa. Yapo. Viko vyumba vilivyofunguliwa mchana na kufungwa kabla ya jua kuchwa, na walioingia humo hawakuleta mzigo wo wote. Upande wa pili wa njia pana baa, na muziki wake ulikoma saa saba za usiku. Lakini sisi tulifunga mlango wetu, tukasali, tukalala, wala hakuna neno baya lililotufuata ndani. Neno lilikuwa nje, kwenye kaunta.

Usiku wa Ijumaa, kama saa nane, tulisikia mtu akigonga dirisha la nondo. Alikuwa mgeni wa chumba kimojawapo, amelewa, naye hakutaka ufunguo, maana alikuwa nao mkononi. Alimtaka binti atoke. Binti alimjibu kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kuyajibu maneno hayo mara nyingi: Baba, nenda ukalale, kesho utaona aibu. Yule akazidi kugonga. Ndipo mama wa nyumbani mwetu akajifunga kanga, akatoka, akamwamkia mlevi yule kwa jina la baba wa watu, akamwuliza kama watoto wake hawajambo huko nyumbani. Mtu yule akasimama kitambo, akajibu kwamba hawajambo, akaenda zake. Mama hakurudi chumbani. Aliketi na binti nyuma ya kaunta hata saa kumi, na hayo tunayoyaandika sasa aliyasikia huko.

Binti hana chumba. Nyumba ina vyumba kumi na vinne, naye hulala juu ya mkeka chini ya meza ya kaunta, kwa sababu malori hufika saa zote na mlango lazima ufunguliwe. Huamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto wa chai. Hufagia, hudeki, hufua shuka zote kwa mikono, huteka maji kisimani siku ambayo bomba halitoi, hupokea fedha, huandika, na hufunga lango saa sita usiku, kisha hulifungua tena kila agongapo mtu. Alifika wakati wa kuvuna mpunga. Tangu siku hiyo hajatoka nje ya nyumba ile kwa siku nzima hata moja. Mama alimwuliza kama husali mahali. Akasema kwao alikuwa mwimbaji, lakini hapa hajafika kanisani, maana hana wa kumwachia funguo.

Kisha akasema jambo lililotufanya tuandike. Chini ya kaunta palikuwa na mkebe wa sukari, na juu yake, kuzuia sisimizi, amefunika gazeti. Mama alilitambua mara moja, kwa kuwa lilikuwa gazeti hili. Binti akaeleza kwamba mwenye nyumba ni mzee wa kanisa, hulisoma kila mwezi, akisha kulisoma huliacha pale; naye hulisoma usiku akingoja malori. Alikuwa ameusoma ukurasa wetu, ule tuliowaonya vijana wasilale nyumba za wageni kwa sababu ya mambo yafanyikayo humo. Akauliza, bila hasira yo yote: Mama, nilisoma ya kwamba wageni wasikae humu. Na sisi tunaokaa humu siku zote, mlisema tufanyeje?

Tulipoambiwa hayo asubuhi hatukuwa na la kujibu. Tena tulikumbuka kwamba alfajiri ile ile, saa kumi na moja, sisi wenyewe tulikuwa tumeagiza maji ya moto ili tuwahi sala ya mkutano. Yeye ndiye aliyeyaleta, akayaweka mlangoni, akabisha polepole.

Si neno dogo hili, wala si la binti mmoja. Waganga watafiti walipotaka kujua habari za ukimwi kwa wanawake wa pande hizi, waliwatafuta wale wafanyao kazi katika mabaa, mikahawa na nyumba za wageni za Geita, Kahama na Shinyanga. Walijua ni nani waliosimama mlangoni pa hatari. Nasi Wakristo twajua vile vile, maana mabinti hao ni wetu. Hutoka Kasulu, na Singida, na vijiji vya kandokando ya ziwa, wameagwa kwa sala na mama zao, wakipelekwa kwa mtu mwema aliye na nyumba mjini. Mzazi hupewa namba ya simu ya mtu mwema. Haulizi binti atalala wapi, wala ni nani atakayeshika funguo siku ya Bwana.

Jumamosi jioni mzee mwenye nyumba alikuja kuchukua hesabu. Ni mtu mpole, wa miaka kama sitini, na alipotutambua alifurahi sana, akataka kuturudishia fedha ya chumba. Tukakataa, tukaomba badala yake aketi nasi kidogo. Tulimweleza yaliyotukia usiku. Alihuzunika, nasi twaamini huzuni yake. Akasema mlevi yule hatalala tena katika nyumba ile. Tukamwambia kwamba atakuja mwingine.

Ndipo alipotufungulia hesabu zake, na ni haki wasomaji wazisikie, kwa kuwa hatupendi kumhukumu mtu asiyepewa nafasi ya kusema. Alijenga nyumba ile siku za Buzwagi, vyumba vikijaa mafundi juma zima. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia makinikia yasipelekwe nchi za nje, Bulyanhulu ilipunguza kazi, na watu wa kandarasi wakaondoka. Bulyanhulu iliposimama tena, Buzwagi ikafungwa. Sasa ziko siku za wageni watatu. Umeme haupungui kwa sababu wageni wamepungua, wala leseni, wala kodi, wala sabuni. Binti yule, alisema, ni kama mtoto wake. Alimchukua mkononi mwa mama yake, na akipata nafasi atampeleka kujifunza cherehani. Nikimweka wa pili, Mwalimu, nani atamlipa?

Tukachukua kalamu. Toka saa kumi na moja alfajiri hata saa sita usiku ni saa kumi na tisa. Mara saba, ni saa 133 kwa juma, mbali na kuamshwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na kila juma mtu apate pumziko la saa 24 mfululizo. Arobaini na tano mara tatu ni 135. Mzee aliitazama karatasi ile muda mrefu. Hakuwa amelijua hilo. Alidhani sheria ya kazi ni ya migodi na ofisi. Alikuwa akidhani ana mtumishi mmoja, kumbe alikuwa na watatu, na wawili hakuwalipa kamwe.

Akajitetea kwa Maandiko, kama ilivyo desturi ya wazee wa kanisa. Akasema, ninyi walimu mwatuhubiria habari za Msamaria kila mwaka, na mwenye nyumba ya wageni mwampita; lakini mtu yule alilipwa dinari zake mbili, tena akaahidiwa nyongeza. Yeye alifanya biashara, wala Bwana hakumlaumu. Hilo ni kweli, na tulimwambia kwamba ni kweli. Dinari ilikuwa ujira wa mtu wa kazi kwa siku moja. Lakini tukamwuliza: Msamaria alipoondoka asubuhi, majeraha yale yalioshwa na nani? Mwenye nyumba, au binti aliyelala chini ya meza? Mzee akacheka, kisha akanyamaza, akaomba maji ya kunywa. Binti akamletea.

Hatukupatana juu ya mtu wa pili. Hesabu yake ilikuwa ya kweli, nasi hatukuwa na fedha ya kuijaza. Ila mambo matatu yalipatikana, na yote hayakugharimu kitu. Chumba namba 14, ambacho dari lake lavuja na wageni hukikataa, kitakuwa cha binti, chenye komeo kwa ndani. Baada ya saa sita usiku lango litafunguliwa na mlinzi wa duka la jirani, ambaye mzee huyu tayari humlipa sehemu ya mshahara wake. Na siku ya Jumapili, toka saa mbili hata saa nane, funguo zitashikwa na mzee mwenyewe au na mkewe.

Basi Jumapili akaja. Alivaa suti, akaketi nyuma ya nondo na Biblia na miwani yake. Binti aliondoka akiwa na mama wa nyumbani mwetu, akarudi toka njiani mara mbili, mara ya kwanza kumwambia mzee ni chumba gani hakijalipiwa, mara ya pili kumwonyesha dekio. Kanisani aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Wakati wa nyimbo mama alisikia sauti yake ikianza kwa woga, kisha ikapata njia. Mahubiri yalipokuwa katikati binti akafungua kiganja chake, akashtuka: ufunguo wa namba 9 alikuwa nao. Alitaka kukimbia. Mama akamshika mkono, akamwambia mzee yupo.

Tuliporudi tulimkuta mgeni wa namba 9, dereva wa lori, ameketi uani mbele ya mlango wake uliofungwa, na mzee wa kanisa, koti lake la suti limetundikwa kwenye kamba, anamtilia chai. Kwa muda wa saa tano alikuwa amedeki vyumba viwili, ameteka ndoo sita kisimani kwa kuwa bomba lilikatika, na ametukanwa na utingo mmoja kwa ajili ya taulo. Hakutuambia kitu juu ya hayo yote. Alimwuliza binti tu kwamba ndoo zile, kwa kawaida, huziteka ngapi kwa siku. Binti akasema hajazihesabu.

Mwalimu aliyetuandikia, hili ndilo jibu letu, nalo limechelewa. Ikiwa nyumba ya ndugu ipo, nenda. Ikiwa haipo, lala katika nyumba ya wageni bila hofu, lakini teka maji yako mwenyewe, usimwamshe mtu kwa ajili ya chai, na ulizia jina la huyo anayekupa ufunguo. Nanyi wenye nyumba, ambao twajua sasa kwamba mwatusoma, tazameni chini ya kaunta zenu. Wazazi waliokwisha kupeleka binti na wapige simu juma hili, wamtake binti mwenyewe, si mwenyeji wake, wamwulize analala wapi na mlango unafungwaje.

Kabla ya kupeleka ukurasa huu kupigwa chapa tulipata ujumbe wa binti kwa simu, aliotuandikia mama na sisi. Chumba namba 14 amekipata, na dari limezibwa kwa bati. Mlinzi wa jirani hufungua lango usiku kwa siku nyingi, si zote. Jumapili ya pili mzee hakuja, alikuwa na mkutano wa baraza. Yeye alibaki na funguo, akaimba peke yake akifua. Jumapili ya tatu alikuja mke wa mzee, akashika funguo hata jioni.